Pikipiki Isiyo na Kiti cha Nyuma

Siku tulipokwenda Arua kuchagua pikipiki mpya ya zahanati, uani kwa Swaibu upande wa Oli tulikuwa watu watano, na nawataja wote ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba bibi aliamua peke yake. Alikuwepo Swaibu mwenyewe, muuza pikipiki, mtoto wa dada yake marehemu Taban aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Alumai, mkuu wa zahanati yetu ndogo ya Koboko. Huyo nilimchanja mimi alipokuwa mtoto, akanipiga teke la tumbo, na ndiye aliyekuja kutia sahihi barua yangu ya kustaafu, kwa hiyo naona tumelipana. Alikuwepo Lematia, shemeji yake Alumai, aliyetubeba kwa gari lake. Yeye alilala garini tangu mwanzo hadi mwisho, ushahidi wake msiuchukue. Alikuwepo Kiden, binti wa Mama Keji, watu waliovuka kutoka Sudan Kusini wakakaa Koboko. Ndiye aliyepokea kazi yangu ya kupeleka chanjo vijijini. Na wa tano mimi, Candiru, mjane wa Andama.

Wote pale walikuwa wakizungumza habari ya pikipiki: ipi nyepesi, ipi nzito, ipi inakata kona. Lakini mwaka ule wa mwisho nyonga yangu ilikuwa imekataa, sikuweza tena kuendesha. Nilikuwa nakaa nyuma ya Kiden, namwonyesha nyumba na kumtajia majina. Pikipiki mpya ikiwa na kiti cha nyuma, barua ya kustaafu ingebaki karatasi tu, ningeendelea kwenda naye. Isipokuwa na kiti, nimekwisha, narudi kukaa kwetu Ayivu. Hilo nililijua mimi peke yangu, na uani sikulisema.

Kiden ameniomba niandike kwa ajili yenu mnaoingia kazini sasa. Mimi nilisoma darasa la tatu, naandika polepole, na daftari nimechagua la mistari mipana. Habari za vyeo sitaandika maana sikuwa navyo.

Niliingia zahanati kufagia. Andama mume wangu alikuwa amepata kazi ya kushona magunia Koboko, nikamfuata kutoka Ayivu nikiwa na mtoto mmoja mgongoni, Driciru. Lugha ya Kikakwa sikuijua hata neno. Mimi Mlugbara, wao Wakakwa, tukasaidiana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Siku ya tatu ya kufagia kwangu akasimama mlangoni mtu mrefu, mwenye miguu ya kuku na kofia ya jeshi iliyopauka. Ndiye Taban, mtoa chanjo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri.

"Wewe mama, iko na mikono mbili?"

"Iko, mzee."

"Acha fagio. Shika sanduku."

Kazi yangu ya kwanza ikawa kukaa nyuma ya pikipiki yake nikishika sanduku la chanjo mapajani. Lilikuwa sanduku la plastiki nene lenye vipande vya barafu ndani, na mfuniko wake ulikuwa na ufa. Kutoka Koboko hadi kijiji cha Lurujo maji ya barafu yalinidondokea polepole njia nzima. Niliposhuka, wanawake waliokuwa kisimani wakaangalia sketi yangu. Mmoja wao, Mama Jokudu, akauliza kwa sauti ya huruma, "Mama, safari iko mrefu sana?" Wakacheka mpaka mitungi ikagongana. Nikacheka na mimi, nitafanya nini? Siku hiyo hiyo nikawa nimejulikana Lurujo nzima, jambo ambalo wengine wenu mtalitafuta kwa mikutano mingi.

Tena kulikuwa na habari ya majina yetu. Candiru kwa Kilugbara ni taabu. Taban ni neno la Kiarabu, ni mtu aliyechoka. Tukipita, watu walisema, "Hao wanakuja, Taabu na Uchovu wamepakiana pikipiki moja. Leo tutapona kweli?"

Taban alinifundisha mambo madogo, na madogo hayo ndiyo kazi yenyewe. Barafu ikitoka kwenye friji usiifunge hapo hapo pamoja na chanjo. Iache itoe jasho, uitikise karibu na sikio mpaka usikie maji yanacheza ndani, kwa sababu barafu ambayo haijaanza kuyeyuka inaharibu chanjo nyingine kama jua linavyoharibu. Chanjo ya surua ukishaichanganya na maji yake hailali. Jioni ikibaki unaimwaga, hata roho ikuume. Sindano usimwonyeshe mtoto, na usimwambie haiumi. Mwambie inauma kidogo na itaisha, maana kesho atakuja mdogo wake na wewe bado unahitaji kuaminiwa.

Na jina, akasema, usiulize moja. Uliza la mtoto, la mama, na la mwenye nyumba ya jirani.

Hayo mawili ya ziada niliyaona ni usumbufu wa mzee. Wakakwa wanawapa watoto majina kufuatana na zamu ya kuzaliwa kwao, kwa hiyo katika boma moja utaita Poni na atakuja Poni, na Poni mwingine nyuma yake. Mimi nilikuwa bado mgeni, sikuyatia akilini.

Sasa naandika kosa langu. Ng'ambo ya Lurujo, baada ya mawe makubwa na kijito, palikuwa na boma la ndugu wawili, Lemi na Wani, na kila mmoja alikuwa na binti mdogo anayeitwa Poni. Siku hiyo Taban alikuwa na homa, alikuwa amelala kivulini mwa ghala, akaniachia kazi. Asubuhi mama yake Poni wa Wani alimleta mtoto, nikamchanja. Mchana shangazi yake, ambaye alikuwa ametoka kusaga muhogo na hakujua habari ya asubuhi, akamleta tena mtoto yule yule. Nikauliza, "Jina?" Akasema, "Poni." Mimi nikafurahi, nikasema wote wawili wamekwisha, nikaweka alama mbili. Mtoto alilia mara mbili, na mimi nikafikiri Wakakwa hawa wanafanana. Poni wa Lemi alikuwa shambani na mama yake siku nzima.

Surua ilikuja kabla ya mavuno. Poni wa Wani alicheza tu. Poni wa Lemi ilimlaza majuma, na alipoinuka jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na weupe. Halikufunguka tena.

Taban hakunigombeza. Alitazama zile alama mbili kwenye karatasi, akaniuliza maswali mawili, akawasha pikipiki. "Panda." Hakubeba sanduku. Tulikwenda mpaka kwenye mawe, tukaiacha pikipiki, tukatembea. Akanikalisha mbele ya mama yake Poni, akasema, "Sema wewe mwenyewe. Mdomo yako." Nikasema. Mama yule alikuwa akitwanga mtama, hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka mchi chini, akamwita mtoto, akamsimamisha mbele yangu.

"Huyu ni Poni wa Lemi," akasema. "Sasa utajua jina lake."

Hiyo ndiyo sababu nayajua majina. Watu husema Mama Candiru ana kichwa cha ajabu. Hakuna ajabu. Toka siku ile kila mtoto niliyemchanja nilirudi naye njiani kichwani, yeye na mama yake na mwenye nyumba ya jirani, mpaka nyumbani, na nikipika nilikuwa nawataja.

Miaka ikapita na macho ya Taban yakaanza kuingia ukungu. Alipogonga ng'ombe wa mchungaji wa kanisa mara ya pili, akasema sasa mimi ndiye nitaendesha. Wakati huo mwanamke wa kuendesha pikipiki Koboko hakuwepo. Mke wa mchungaji alinijia kuniuliza habari ya suruali. Nikamwambia nitavaa sketi juu ya suruali, yeye aangalie sketi, pikipiki iangalie suruali. Tukaelewana.

Somo la kwanza halikuwa la kuendesha. Taban aliisukuma ile pikipiki kubwa mpaka kwenye majani, akailaza chini kama mbuzi.

"Inua."

Nilivuta, ikakataa. Nilivuta tena, nikaanguka mimi.

"Kama hapana inua, hiyo hapana pikipiki yako," akasema. "Wewe iko yake."

Juma zima niliilaza na kuiinua. Jifunzeni hivyo na ninyi: mgongo uutie kwenye pikipiki, shika handeli kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, uinuke kwa mapaja, ukirudi kinyumenyume. Dukani kila pikipiki ni nzuri ukiikalia. Muuzaji anataka uikalie. Wewe ilaze, uone kama mnaweza kuinuka pamoja.

Taban alikaa nyuma yangu miaka mitatu, akishika sanduku, sasa maji yakimdondokea yeye. Alikufa nyumbani, kwa tumbo. Nilifika na pikipiki msibani, na wajane wakanipisha nikae karibu, ingawa sikuwa ndugu.

Baada yake niliendesha peke yangu, lakini kwa kweli peke yangu sikuwa. Kwetu kiti cha nyuma si mali yako. Mtu akikuona unapita nacho wazi na yeye anatembea, usipomchukua, atawakumbusha hilo wajukuu zako. Nilibeba wenye uchungu wa kuzaa, nilibeba mzee Yengi na jogoo wake aliyekuwa akinidonoa, nilibeba bibi harusi mmoja, Jokudu, mtoto wa yule mama aliyenicheka kisimani. Sehemu kubwa ya watu wa Lurujo sikuongea nao uso kwa uso. Niliongea nao wakiwa nyuma, pumzi zao shingoni mwangu. Njia ya pikipiki inamfungua mtu, kwa sababu haoni unavyomtazama. Siri nilizobeba huko zingeangusha ndoa nane.

Mahali pamoja tu palinishinda, yale mawe kabla ya boma la Lemi. Njia inapanda kati ya mawe matatu, upana wa mtu na mtungi, inakata kona kali ya kulia, kisha inashuka moja kwa moja kwenye kijito. Pikipiki zetu zote zilikuwa kubwa na ndefu. Kona ile zilikuwa hazigeuki. Gurudumu la mbele liko tayari njiani na la nyuma bado linagombana na jiwe. Niliiacha chini kila mara, nikatembea na sanduku kichwani. Siku moja nilijidanganya kwamba nitapita. Iliniangukia kwenye nyonga, nikalala chini yake nikinusa petroli, mpaka akaja kuniinua msichana mwenye jicho moja. Poni wa Lemi, wakati huo ameshavunja ungo. Aliinua pikipiki kwanza, ndipo akaniinua mimi. "Wewe Mama Candiru," akasema, "iko nzito kuliko pikipiki."

Nyonga haikupona sawasawa. Nilivumilia miaka, lakini mwisho ikanishinda hata kupiga kiki. Ndipo akaja Kiden.

Kiden ni mfupi, mwepesi, msemaji. Akiwa juu ya pikipiki yetu ile kubwa vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Nilikaa nyuma yake na sanduku mapajani, nikarudi nilikoanzia. "Hiyo nyumba ya bati jipya, ni ya Mama Yeno. Ana watatu, wa mwisho ni Wani, si Wani wa jirani, yule ana kovu." Kiden alikuwa akirudia kila jina kwa sauti. Nilianza kufurahi tena. Andama alikuwa ameshakufa, Driciru yuko Kampala, mdogo wake Asiku anaendesha malori Juba, nyumba yangu ya kupanga Koboko ilikuwa na kitanda na redio. Lakini asubuhi za chanjo nilikuwa na mgongo wa mtu mbele yangu na majina mdomoni.

Halafu Poni wa Lemi akazaa. Alikuwa ameolewa karibu tu, akarudi kwa baba yake baada ya mume kumwacha, na mtoto wake wa kiume wakamwita Lemi, jina la babu. Alipofikisha miezi tisa tukaenda na chanjo ya surua. Mvua ilikuwa imeshusha maji kwenye kijito. Tulifika kwenye mawe, pikipiki ikagoma konani, ikalala, na Kiden peke yake hakuweza kuiinua. Tuliisukuma wote wawili tukirudi nyuma. Nikamwambia, "Nenda kwa miguu, mimi nitakaa hapa."

"Nikuache hapa, mama? Na hiyo wingu?"

"Nimekaa hapa kabla hujazaliwa."

"Wakati ile ulikuwa na miguu," akasema Kiden.

Tukarudi Koboko. Mwezi uliofuata tukaenda tena, na ikawa vile vile: maji, kona, pikipiki chini, na Kiden akinitazama mimi, halafu mawe, halafu mimi. Njiani kurudi hakuna aliyesema jina lolote. Wakati ule watu wa mpakani walikuwa wakisema surua imeonekana tena. Nilikaa nyuma nikilishika sanduku lenye chanjo ya mtoto wa Poni, mtoto wa yule Poni, na nikaelewa kwamba uzito uliokuwa ukituzuia haukuwa wa pikipiki peke yake.

Basi wahisani wa zahanati wakakubali kununua pikipiki mpya, na Alumai akasema twende Arua, na mimi niende, kwa sababu njia ile naijua kuliko wote.

Swaibu alikuwa ametupangia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya bodaboda. Hiyo hatukuichelewesha, tumbo lake liko chini, jiwe la kwanza lingeipasua injini. Ya pili ilikuwa kubwa, ya rangi ya bluu, kiti kirefu, karia ya chuma nyuma.

"Hii, mama, iko kali," akasema Swaibu. "Inabeba gunia mbili na mtu juu. Hata mkwe wako ukimbeba anakuongeza heshima."

Alumai aliipenda papo hapo. "Mgonjwa anakaa, sanduku linakaa, na Mama Candiru anakaa," akasema, akinitazama na kucheka. Nilimpenda sana dakika ile, na lile teke nikalisamehe kabisa.

Ya tatu haikuwa imepangwa na wenzake. Ilikuwa nyuma kabisa karibu na banda, kuku wawili juu yake. Swaibu akafukuza kuku kwa aibu. Ilikuwa mpya, plastiki bado haijabanduliwa, nyembamba kama mifupa ya mbuzi. Tangi lake dogo kama kibuyu. Injini yake imekaa juu, na chini yake sahani ya chuma. Na kiti hapana. Palikuwa na ubapa mdogo tu wa plastiki ambapo kiti kingekuwa.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza Alumai.

"Hiyo ni ya Wazungu wanaoshindana kupanda mawe na magogo," Swaibu akasema. "Dereva anaendesha amesimama tu. Ilikuja ndani ya kontena pamoja na zingine, mimi sikuagiza. Mwaka mzima iko hapa. Vijana wa bodaboda wanakuja wanaiangalia, wanauliza, 'Abiria nimweke begani?'"

Kiden alikuwa ameshaishika handeli. Aliigeuza kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na ile handeli ikawa inakwenda tu, kama shingo ya bundi. Swaibu akaiwasha. Tukapanga madebe manane matupu uani. Kwanza Kiden akachukua ile ya bluu. Kwenye debe la tatu alikanyaga chini, la tano likaruka, la sita akaanguka na pikipiki juu ya mguu, na kuiinua ikawa kazi ya Swaibu na Alumai. Kisha akasimama juu ya ile nyembamba. Klachi yake aliivuta kwa kidole kimoja. Alizunguka madebe yote, akarudi, akaigeuza mahali pa upana wa mkeka wa kulalia, hakugusa chini. Palikuwa na kipande cha gogo cha kupasulia kuni. Akakisogelea, gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likafuata, akashuka upande wa pili akipiga kelele kama aliyeona mama yake.

"Mama! Hii mimi nataka! Hii inajua kona ya Lemi na haijafika huko!"

"Ngoja," nikasema. "Ilaze."

Akailaza. Nikasema ainue, akaiinua kama kitanda cha kamba. Nikasema ailaze tena, na sasa nikaenda mimi. Alumai akasema, "Mama, nyonga." Nikageuza mgongo, nikashika handeli, nikashika chuma cha nyuma, nikarudi kinyumenyume kama Taban alivyosema. Ikainuka pamoja nami. Nilisimama nimeishika, bibi wa watu.

Alumai alikuwa mtu wa kwanza kuliona. Aliangalia ule ubapa wa plastiki, akaniangalia.

"Lakini mgonjwa atakaa wapi?"

"Mgonjwa ana bodaboda," nikasema. "Stendi ya Lurujo zipo kumi na mbili, na Kiden ana simu. Zamani kiti kilikuwa ni hiki changu tu. Sasa viti vimejaa kila njia panda. Kisichokuwepo ni kitu cha kupita yale mawe."

"Na wewe, mama? Utakaa wapi?"

"Mimi nitakaa Ayivu," nikasema.

Kiden akaacha kucheka. Hakuwa amefikiri, alikuwa amefurahia kona. Akaweka mkono kwenye ile ya bluu, akasema pengine atazoea, pengine akila sana atakuwa na nguvu. Nikamwambia azime ile nyembamba, petroli inaungua. Swaibu alikwenda kutafuta karatasi za kuandikia mauzo ya ile nyembamba. Nilimwambia afunge kikarai kidogo cha chuma pale nyuma, cha sanduku la chanjo, na apunguze upepo kwenye matairi, kwa maana tairi laini ndilo linaloshika jiwe. Na Kiden nikamwambia abebe chupa ya petroli kila safari, kwa sababu lile tangi ni la kibuyu kweli. Hivyo viandikeni.

Nilihama Koboko mwisho wa mwezi. Hapa Ayivu nina nyumba nzuri aliyoijenga Andama, na shamba dogo la muhogo na maharage. Lakini nimekuwa mbali tangu nikiwa na mtoto mmoja. Watu wanasalimia vizuri wakipita, "Mama, umeamkaje," na wanaendelea na baiskeli zao. Watoto wa jirani nawaona wakienda shule, wako wanne, na majina yao siyajui. Mimi, ambaye watu walikuwa wakinipigia simu kutoka Lurujo kuniuliza tarehe za kuzaliwa za watoto wao wenyewe.

Siku Kiden alipokwenda kwa Poni mara ya kwanza na ile pikipiki, alinipigia mchana. Nilikuwa napalilia. Nilisikia upepo, halafu kuku, halafu sauti yake.

"Mama, nimepita. Kona nimepita, na kijito nimepita, viatu havikulowa."

"Mtoto?"

"Niko naye hapa. Lakini mama, wako wawili. Wako Lemi wawili katika boma hii, na huyu mama mzee anasema Lemi ameshachanjwa hospitali."

Jembe nililiacha chini. "Muulize Lemi wa nani. Aliyechanjwa hospitali ni Lemi wa mtoto wa Wani, walikwenda wakati mama yake alipolazwa. Ana alama nyeusi nyuma ya sikio. Wa Poni hana. Mwangalie nyuma ya sikio."

Nikasikia akitembea. Nikasikia mtoto akilalamika kugeuzwa kichwa.

"Hana," akasema Kiden.

"Basi ni yeye."

Hakukata simu. Nilisikia mtoto akilia, kilio cha sindano, najua kilivyo, kinapanda mara moja kisha kinatafuta mama. Nilisimama katikati ya maharage nikisikiliza mpaka kikaisha. Halafu Poni akachukua simu. Aliniuliza niko wapi, nikamwambia. Akauliza kwa nini sikuja. Nikamwambia pikipiki ile haina mahali pa kukaa mtu. Akasema, "Hiyo pikipiki haina adabu."

Miezi ya kwanza Kiden alipiga kila siku ya chanjo, mara tatu, mara nne. Mama, huyu ni nani? Mama, hawa walihamia wapi? Niliacha kwenda shamba siku hizo, nikawa nakaa mlangoni na simu imejaa chaji. Kisha ikawa mara moja kwa siku. Sasa mwezi unapita hajapiga. Si kwamba amenisahau, ameyajua majina. Ana daftari lake, na kichwa chake ni kizuri, na nilimtaka ayajue. Hilo nalisema bila kinyongo. Siku za chanjo bado nakaa mlangoni, simu mkononi.

Majina ya Lurujo nimeyaandika mwisho wa daftari hili, nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani mpaka kwa Lemi. Umri unaniingia na huenda nimechanganya. Yule shangazi aliyemleta Poni wa Wani mara ya pili nimemwacha bila jina, kwa kuwa siku moja naona alikuwa Keji, na siku nyingine naona alikuwa Kaku. Mzee Yengi sina hakika kama jogoo wake alikuwa mmoja au wawili. Wako pia watoto waliozaliwa tangu nilipoondoka, nao hawamo kabisa. Ninyi mnaojua, nisahihisheni, lakini msifanye kwa simu. Kwenye simu mtu anataja kosa moja anakata. Barabara kutoka Koboko ni nzuri, shukeni hapo Ayivu, mwulizeni mtu yeyote nyumba ya Andama. Leteni daftari, mkae, tupitie jina moja moja. Na kama mmesoma hadi hapa na hamkuona kosa lolote, njooni tu tulitafute pamoja.